Aliyetufundisha Kukalia Mikono

Ungeingia ofisini kwetu siku ya majaribio, ungetukuta watu wazima na akili zetu tumekalia mikono. Sisemi kwa mafumbo. Viganja vilikuwa chini ya mapaja, mgongo wima, midomo imefungwa, kama watoto wa chekechea wanaongojea uji. Mbele yetu mgeni mmoja, labda mama muuza vitambaa au askari wa getini, anahangaika na kompyuta. Na nyuma yetu sote alisimama yeye, miguu mitupu, akihakikisha hakuna kidole kinachochomoka.

Tulimwita Mpimaji. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu kabla hazijatoka nje, na kwa haki angeitwa Mjaribu, lakini mkurugenzi wetu alikuwa mzee wa kanisa na hakutaka jina ambalo Injili imempa Shetani litajwe ofisini kwake kila asubuhi. Mpimaji mwenyewe, mtu wa pwani na Mwislamu, aliposikia sababu hiyo alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya mtandio. "Haya, nipeni jina la fundi cherehani basi," akasema. "Na yeye hupima mtu kabla ya kukata nguo."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, jengo moja la mjini karibu na barabara ya Luthuli, na lifti yake ilikuwa imekufa kabla sijaajiriwa. Chini kulikuwa na maduka ya redio, kila duka na wimbo wake, kwa hivyo meza zetu zilitetemeka mchana kutwa. Mimi nilifika pale nikiwa msichana wa Uthiru, kidato cha nne na alama za kusikitisha kidogo, nikaongezea kozi fupi ya kompyuta. Lakini ndoto nilikuwa nazo, sio mchezo! Nilitaka siku moja shosho yeyote atumie kitu nilichokitengeneza mimi bila kumwita mjukuu wake amsaidie. Nilimwambia Mpimaji hivyo siku ya usaili. Wengine waliokuwa chumbani walitabasamu. Yeye akauliza, "Shosho gani? Ana miwani au hana?" Nikapata kazi.

Hiyo ya mikono ilianza kwa sababu ya Kimani. Kimani ndiye aliyeandika programu nyingi pale, kijana mwerevu, mchangamfu, mwenye mdomo. Mgeni akikwama, Kimani alikuwa hawezi kuvumilia. "Hapo juu, mathe! Kulia! Kulia yako, sio yangu!" Mpimaji akamwacha mara ya kwanza, akamwacha ya pili. Halafu akamwendea, akamshika mikono yote miwili kwa upole kama anayemtoa mtoto kwenye sufuria ya moto, akaiweka chini ya mapaja yake mwenyewe Kimani.

"Ikalie."

"Madam, lakini si ni kumsaidia tu?"

"Kesho ukienda kwenu kulala, huyu mama atasaidiwa na nani? Utahamia kwake?"

"Akinipikia chapati nahamia."

"Ikalie, Kimani."

Tangu siku hiyo ikawa sheria, na sheria yenyewe hakuiandika popote. Mgeni akiingia tu, tunakalia mikono. Na kuna neno lingine alilolichunga kuliko yote. Mtu akikwama mbele ya kompyuta, kitu cha kwanza anachosema ni "pole, nimekosea." Karibu wote. Mwenye digrii, asiye na digrii, mchungaji, makanga wa matatu. Mashine inamficha kitufe, na yeye ndiye anaomba radhi. Mpimaji alisema akisikia neno hilo anajisikia kama mwenye nyumba aliyemwacha mgeni azunguke akitafuta choo, halafu mgeni anamwomba msamaha kwa kupotea. Kwa hivyo mtu akisema "nimekosea", sisi tulitakiwa kuandika "tumekosea", na mbele yake jina la aliyetengeneza mahali hapo. Kimani alikuwa akilalamika kwamba jina lake limeandikwa kuliko la mshtakiwa yeyote mahakamani.

Alijaribu kila kitu, hata visivyomhusu. Birika jipya la ofisi lilipofika, alilijaza, akalimimina, akalishika kwa mkono wa kushoto, akalishika kwa kitambaa, ndipo akaruhusu tunywe chai. Akiingia jengo geni alisimama kwanza mlangoni, aone watu wangapi wanasukuma pale panapotakiwa kuvutwa. Tukienda pamoja mahali, tulichelewa kwa sababu ya milango. "Tazama yule baba wa suti," ananinong'oneza, "amegonga kioo, sasa anaangalia pembeni kama ameona rafiki. Mlango umemwaibisha, na aliyeutengeneza yuko kwake anakula."

Sasa msikie mtu huyohuyo kwenye viatu. Alivinunua bila kuvivaa! Anaona kiatu dirishani Biashara Street, kinampendeza, analipa, anaondoka. Baada ya siku mbili kinamla vidole, naye anakivua chini ya meza na kutembea miguu mitupu ofisini mpaka jioni. Nilimuuliza mara moja, kwa adabu, inakuwaje Mpimaji hapimi kiatu. Akanitazama kama nimemuuliza siri ya ndoa. "Mwanangu," akasema, "nikikijaribu nitaiona kasoro yake. Acha nipende kitu kimoja bila kukijaribu."

Na uvumilivu wake wote aliumalizia kwa wageni wa majaribio. Mhudumu wa hoteli akichelewesha chai, alipiga meza. Dada yake akimpigia simu na kuzunguka na habari, alimkatiza: "Sema neno, sema neno!" Ujumbe wa simu alikataa katakata kujifunza kuandika, alinipa simu yake niandike, akisimama juu ya bega langu na kunisahihisha. Sifa zake nazo zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Kazi ikiwa mbovu alizungumza sana, ikiwa ya kawaida alizungumza kidogo, na ikiwa nzuri kabisa alisema "haya" na kuondoka. Neno lenyewe hilo, haya, basi. Kimani alilipata mara moja akatununulia soda wote. Mimi sikuwa nimelipata. Nililiota, kwa kweli. Nililala Uthiru nikisikia mtu ananiambia "haya."

Lakini nikitaka mtu amjue Mpimaji, sharti nimsimulie habari ya shosho na watoto wake wawili.

Tulikuwa tumetengeneza programu ya zahanati moja ya watoto pale Woodley. Ilikuwa ya chanjo. Akina mama wengi hupoteza kadi za kliniki, mtoto anaandikishwa upya, na mwishowe mtoto mmoja anakuwa na kumbukumbu mbili tatu, hakuna anayejua amechomwa sindano gani. Kimani akaitengenezea dawa, na alijivunia dawa hiyo kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Programu ilikuwa na akili: ikiona majina yote yanafanana, mtaa ni mmoja na mwezi wa kuzaliwa ni mmoja, inajua ni mtoto yuleyule, inaunganisha kumbukumbu zake kimyakimya. Nesi hasumbuliwi hata na swali moja. Sote tuliipigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Mkurugenzi alikuwa ameshaalika watu waje kuona inavyofunguliwa Jumatatu, na alikuwa ametuambia wazi: ikifunguliwa, sisi wenye mkataba mfupi tunaajiriwa, isipofunguliwa, tunarudi nyumbani. Mimi nilikuwa wa mkataba mfupi. Mama yangu alikuwa ameshawaambia majirani.

Mpimaji hakukubali kujaribu programu kwa majina ya kubuni. Alisema jina la kubuni halina mama. Kwa hivyo Ijumaa tukaenda Woodley wenyewe, tukapanga viti nyuma ya nesi katika chumba cha chanjo, tukakalia mikono. Asubuhi yote ilikwenda vizuri ajabu. Watoto wanalia, nesi anabonyeza, Kimani anatabasamu mpaka masikioni.

Ndipo akaingia shosho mmoja, kitambaa kichwani, mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, wadogo wa umri mmoja. Si pacha. Watoto wa wanawe wawili, akatueleza, na mama zao wako kazini, kadi ziko kwa mama zao, wakampa yeye awalete.

"Huyu anaitwa nani?" nesi akauliza.

"Huyu ni mimi," shosho akasema kwa fahari. "Na huyu wa mgongoni pia ni mimi."

Kila mtu wa kwetu anaelewa jibu hilo. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Wana wawili wakipata binti wa kwanza kila mmoja, basi shosho amezaliwa mara mbili. Na familia ile ilikuwa imeheshimu mila kikamilifu: jina la ubatizo la shosho, jina lake la nyumbani, na jina la ukoo juu yake. Watoto wamezaliwa mwezi mmoja, boma moja.

Nesi akamwandika wa kwanza, akamchoma, mtoto akalia, akabembelezwa. Akamwandika wa pili. Skrini ikatulia kidogo, kisha ikasema kwa herufi nzuri za kijani: mtoto huyu ameshapata chanjo ya leo.

Nesi akakunja uso. Akafuta, akaandika tena. Kijani tena. "Pole," akatuambia bila kugeuka, "nimekosea mahali." Akajaribu mara nyingine. Nje foleni ilikuwa imefika getini na watoto wanapiga kelele. Akamgeukia shosho. "Huyu ameshapata, shosho. Kompyuta inasema. Nenda naye tu nyumbani."

Na shosho, ambaye kwa macho yake mwenyewe alikuwa amemwona mtoto yule hajaguswa, akaitazama kompyuta, akamtazama nesi, akainama kumfunga mtoto mgongoni. "Sawa daktari," akasema. "Mashine inajua."

Nilihisi viganja vyangu vinatokwa na jasho chini ya mapaja. Nilimwona Kimani amefumba macho. Sheria ilikuwa sheria, hakuna anayesema. Halafu kiti kikasukumwa nyuma yangu, na mikono ya Mpimaji, ambayo sikuwahi kuiona ikitoka siku ya majaribio, ikatoka.

"Ngoja, mama," akasema. "Mtoto wako hajachomwa. Na huyu nesi hakukosea kitu. Tuliokosea ni sisi hapa, watu wa viti."

Ndiyo mara pekee aliyoivunja sheria yake. Mtoto akachomwa, akalia vizuri sana.

Jioni ile ofisini mkurugenzi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Madam," akasema, "watoto wa majina sawa, mtaa mmoja, mwezi mmoja. Watakuwa wangapi? Tufungue Jumatatu, tutarekebisha tukiendelea."

Mpimaji akamgeukia Kimani. "Kwenu akina Kimani ni wangapi?"

Kimani akakuna kichwa. "Watatu... wanne na yule aliyehamia Ruaka. Huyo tulizaliwa naye boma moja, mwezi mmoja. Aki Madam, mimi mwenyewe ningeunganishwa."

"Na ulikaa hapa miezi ukiiandika."

"Nilikuwa nafikiria kompyuta. Sikufikiria nyumbani."

Mkurugenzi akasema kwa sauti ya chini kwamba bila sahihi ya Mpimaji haifunguki, na isipofunguka wa mkataba mfupi wanakwenda. Akaninyooshea mkono mimi. "Huyu ndiye wa kwanza. Unamwona?"

Mpimaji akanitazama. Nami nilimtazama, na sitaki kudanganya, macho yangu yalikuwa yanaomba. Nilikuwa nimeshaona meza yangu karibu na dirisha. Alinitazama kwa muda mrefu, na hakuangalia pembeni hata kidogo.

"Namwona," akasema. "Siweki."

Jumatatu haikufunguliwa kitu. Nikabeba kikombe changu na kandambili zangu za ofisini, nikarudi Uthiru. Nililia, ndiyo, lakini kwa kuwa mimi ni mimi, nililia huku nikipanga nitakavyoanzisha kampuni yangu, nikaipa hata jina.

Jumapili, baada ya kanisa, mbwa wa jirani wakabweka na nani kasimama getini ila Mpimaji, viatu vipya mguuni, anachechemea. Ameleta unga na sukari na majani ya chai, kama inavyotakikana. Mama akamkaribisha. Kabla hata chai haijamiminwa, mgeni akazungumza.

"Mama, mimi ndiye niliyemtoa huyu kazini. Watu watasema ni mkurugenzi. Ni mimi. Nimekuja ulisikie kwangu." Akanigeukia. "Na siku ile ikirudi, mwanangu, nitafanya vilevile. Sikuja kuomba msamaha. Nimekuja kwa sababu haifai mtu akutendee jambo halafu ajifiche nyuma ya karatasi."

Sikujua niweke wapi uso. Mama alikuwa ameshika birika. Nilikuwa nimemsimulia yote, shosho na watoto na kijani ya skrini, na wiki nzima hakuwa amesema neno. Mama yangu ana wajukuu watatu wanaoitwa jina lake. Wote wanakaa pale Uthiru, ploti moja.

"Mama," akamwambia Mpimaji, "ungeweka ile sahihi, nisingekufungulia geti." Kisha akamimina chai. "Vua hivyo viatu, vinakuumiza. Naona."

Wakakaa mpaka jua likageuka, Mpimaji wa pwani na mama wa Uthiru, wanacheka mambo ya mabinti. Mimi nilitumwa maziwa mara mbili, nami nikaenda mbio mara zote mbili, sijui kwa nini moyo ulikuwa mwepesi hivyo na kazi sina.

Zahanati haikutuacha. Mpimaji alikwenda mwenyewe kwa mkuu wao, akamwambia kasoro ilivyokuwa, bila kuipaka sukari, na mkuu yule akasema atangoja. Kimani akaibomoa akili ya programu yake, akaifundisha kuuliza: mtoto huyu ni yule, au ni wajina wake? Na jina la mama likawekwa juu, kubwa, la kwanza kuonekana. Ilipofunguliwa nikapigiwa simu nirudi. Mpimaji alinionyesha meza karibu na dirisha. Sikuambiwa lolote kuhusu miezi ile katikati, ila droo ya meza hiyo niliikuta imejaribiwa; alikuwa ameiwekea sabuni isikwame.

Miaka ikaenda. Mwishowe Mpimaji alistaafu, macho yamemchoka, na mimi nikapata kazi kwa watu wengine huko Karen, kwenye jengo la maduka lenye miti mingi na milango ambayo angeisema vibaya. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kliniki ya macho, na sehemu ya wagonjwa kujiandikisha nilipewa niitengeneze mimi. Mimi peke yangu! Vijana wenzangu wakaniuliza nataka mgeni wa aina gani kwa majaribio. Nikasema nataka mtu mzima, macho mabaya, hana subira, hapendi mashine. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa na namba yake.

Alikuja na mpwa wake amemshika mkono. Alikuwa amepungua mwili, mtandio umemzidi. Nilitaka kumkumbatia mpaka kesho, lakini alisema, "Sema neno, sema neno, kiti kiko wapi?" Akakijaribu kiti kwanza, akakaa. Nikasikia kiatu kimoja kikianguka chini ya meza, halafu cha pili.

Nikakaa nyuma yake nikakalia mikono.

Aliandika jina lake. Aliandika mtaa. Akafika mahali pa kuchagua siku ya kurudi, mahali nilipopapenda kuliko pote, nilipoweka kalenda ndogo yenye rangi za kupendeza. Akasogeza uso. Akarudi nyuma. Kidole chake kikazunguka hewani kama inzi asiyejua pa kutua. Akabonyeza, ikawa sio. Akabonyeza tena. Mpwa akataka kusaidia, nikamtikisia kichwa. Jamani, hakuna kitu kigumu duniani kama kumwona unayempenda amepotea ndani ya nyumba uliyoijenga wewe, nawe unyamaze. Nilibana midomo. Aliinama zaidi, pua karibu iguse kioo, na sauti yake ikatoka ndogo, sauti nisiyoijua.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nimekosea. Ni haya macho yangu."

Nilikalia mikono kwa uzito wangu wote.

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kile kicheko cha kujifuta kwa mtandio. Akageuka kwenye kiti, akanitafuta kwa macho yake yasiyoona vizuri. Hakuniangalia usoni. Alitazama mapajani, kuona mikono iko wapi.

"Umenisikia nilivyosema?"

"Nimekusikia, Madam."

"Sasa amekosea nani?"

"Mimi," nikasema. "Kalenda ni ndogo. Ni yangu."

Akaitafuta ile kalenda tena kwa kidole, akaiacha. Akageuza uso mbele, miguu yake mitupu imetulia sakafuni.

"Haya," akasema.

Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Nikaitoa, nikaandika "tumekosea", na mbele yake jina langu.